Vijiko Vitatu na Kikohozi

Mama Beseni alikuwa na kinyaa. Sisemi kile kinyaa cha kila mtu, cha kukunja uso ukiona panya. Chake kilikuwa kinyaa cha mate. Mtu akilamba kidole ili afunue karatasi, yeye anageukia ukutani. Mtu akionja mchuzi kwa mwiko kisha akaurudisha mwiko sufuriani, siku hiyo Mama Beseni hali. Niliwahi kumwuliza yeye mwenyewe jinsi marehemu mumewe alivyomvumilia, akaniambia, "Karani, mdogo wangu, yule alijua kikombe chake na mimi changu. Ndiyo maana tulidumu."

Na mtu wa namna hiyo ndiye aliyeangukia kazi ya kuosha vitu vya watoto vya kuchezea.

Kituo chetu hupima watoto wadogo ambao wazazi wao wanahisi kuna jambo. Hawasemi, hawaitiki wakiitwa, hawamtazami mtu usoni. Wengi huletwa ili tujue kama wana usonji. Mtoto huketishwa kwenye zulia la mpira, humwagiwa kapu la vitu vya kuchezea, na Mtaalamu hukaa pembeni na fomu yake akitazama anavyocheza. Dakika ishirini zikiisha mtoto anaondoka, na kila alichogusa kimejaa udenda, makamasi, na mara nyingine mambo ambayo nitayanyamazia, maana huenda unasoma huku unakula. Hapo ndipo Mama Beseni alipokuwa akiingia, glavu mpaka viwikoni, na mabeseni yake matatu: la sabuni, la dawa, la maji safi. Miaka kumi na moja. "Nimejikaza kisabuni," alikuwa akisema kila asubuhi, na kila asubuhi tulicheka kana kwamba hatujawahi kuisikia.

Mimi ni karani wa kituo. Nachapa ripoti. Meza yangu inatazamana na kioo kikubwa cha chumba cha mchezo, kwa hiyo haya ninayosimulia sikuhadithiwa. Mengine niliyafanya kwa vidole vyangu mwenyewe, ndiyo maana bado yananichefua.

Nianze na makapu. Zamani kapu lilikuwa moja. Siku moja baba mmoja, mtu na tai yake, alimkuta mwanawe wa miaka mitatu amekumbatia mdoli. Alimnyang'anya, akamtupa mdoli ukutani, akatuuliza kwa sauti kama tunataka kumgeuza mwanawe mwanamke. Mkuu wa kituo, badala ya kumwonyesha mlango, alinunua makapu mawili. La buluu la wavulana: vigari, treni, vitofali vya kupanga. La pinki la wasichana: midoli, vikombe, vijiko, vitana. "Ili kila mzazi aridhike," alisema. Na kweli wakaridhika.

Fomu haikuguswa. Ilikuwa na maswali kumi na mawili ninayoyajua kwa moyo. La nne: je, mtoto anapanga vigari katika mstari? La tano: je, anazungusha magurudumu kwa muda mrefu? La sita: je, anaweza kuigiza, kwa mfano kumlisha mdoli? Sasa piga hesabu mwenyewe. Ndani ya kapu la pinki hapakuwa na gurudumu hata moja. Msichana alikuwa ameshavuka la nne na la tano kabla hajavua viatu. Akigusisha kijiko kwenye mdomo wa mdoli, amevuka na la sita. Watu wenye shahada zilizowekwa fremu ukutani walikaa miaka na miaka chumba kimoja na fomu ile na makapu yale, na hakuna aliyeshtuka.

Hata mimi sikushtuka. Nilikuwa na sentensi yangu tayari ndani ya kompyuta: "Mchezo wake ni wa kawaida kwa msichana wa umri wake." Nilikuwa hata siichapi. Naibandika tu, nachapisha, napiga mhuri, naenda kunywa chai.

Mama Beseni aliishi na binti yake, fundi cherehani, na mjukuu wake mmoja wa miaka mitano. Mjukuu walimwita Nukta, kwa udogo wake na kwa sababu ukimweka mahali anabaki papo hapo. Nukta alikuwa na maneno machache, yote ya kuazima: tangazo la redio la dawa ya mswaki, salamu ya jirani, mlio wa cherehani ya mama yake ambao aliutoa mpaka mama mtu akageuka kutazama kama ameacha mashine ikizunguka. Walimpeleka shule ya awali, darasa la watoto themanini. Siku ya pili kelele zikamzidi, akaingia chini ya dawati akaziba masikio. Mwalimu alimtoa kwa kumvuta mguu, akamwambia mama yake kwamba mtoto ana kiburi.

Kiburi! Mtoto ameziba masikio, anatetemeka, mtu mzima anamburuta sakafuni kama gunia halafu anataja kiburi.

Palikuwa na njia moja. Mtaa wa pili kulikuwa na shule yenye darasa dogo, watoto wanane, na mwalimu aliyesomea watoto wa namna hii. Darasa lile lilipokea mtoto kwa barua ya kituo chetu tu, na kabla hajatimiza miaka sita. Nukta alikuwa amebakiza miezi mitatu. Asipopata barua anarudi kwa mvuta miguu.

Siku ya kupimwa, binti yake alimleta mtoto asubuhi. Mama Beseni hakuruhusiwa kuingia, maana ni ndugu, akaja kusimama nyuma ya kiti changu na glavu zake, tukatazama kwa kioo.

Nukta hakuchagua wala kusitasita. Alitoa mdoli, akatoa kijiko cha njano. Kijiko cha kwanza. Kijiko cha pili. Akakohoa mara mbili, akajifuta pua kwa mgongo wa mkono wa kushoto, akasema, "Kula mama, kula ukue." Kijiko cha tatu. Akamfuta mdoli mdomo, akamlaza ameelekea ukutani. Kisha akamwinua, akaanza tena.

Mtaalamu alitoka anacheka. Si mtu mbaya, niseme haki. Ana sauti ya upole na mfukoni hakosi biskuti. "Mama Beseni," alisema, "mjukuu wako msanii! Hata kikohozi anaigiza! Binti yangu nyumbani anacheza hivyohivyo."

"Na wako anakohoa kijiko cha ngapi?" aliuliza Mama Beseni.

"Vipi, mama?"

"Wangu anakohoa baada ya kijiko cha pili. Kila siku. Tangu msimu wa mvua."

Akamweleza. Msimu wa mvua, binamu yake Nukta alikuja kucheza kwao akiwa na mafua. Alimlisha mdoli vijiko vitatu, katikati akabanwa na kikohozi, akajifuta pua, akasema maneno yale. Mara moja tu, kisha akaenda kwao. Nukta alichukua kila kitu, pamoja na kikohozi na makamasi. Miezi minane imepita, binamu alishapona siku nyingi, na mdoli bado analishwa na mtoto mwenye mafua. Ukimwita Nukta akiwa kijiko cha pili, anaanza upya. Ukimpa kijiko cha rangi nyingine, utajuta.

"Huo si mchezo, mwanangu," alisema Mama Beseni. "Hiyo ni kanda. Inafika mwisho, inarudi mwanzo."

Mtaalamu akatabasamu lile tabasamu ambalo watu waliosoma humwekea mtu wa ndoo na matambara. "Mama, watoto wa kike ni waigaji. Huyu ni mwoga wa watu tu, atazoea. Usonji tunaufahamu." Akanyoosha kidole kwenye kona ya zulia, ambako mvulana wa mapema alikuwa ameacha vigari kumi na vinne vimenyooka kama rula. "Ule pale ndio usonji."

Akaniachia fomu mezani. Nami, Mama Beseni akiwa amesimama nyuma yangu, nikaibandika sentensi yangu. Ndiyo. Sikuona aibu, ilikuwa kazi. Aliinama akaisoma kwenye kioo cha kompyuta, polepole, neno kwa neno.

"Wa kawaida kwa msichana," alisema. "Karani, hii umewaandikia wangapi?"

Nilijitia kutafuta mhuri.

Akaingia kuosha. Ngoja nikwambie utaratibu: mstari wa vigari hauguswi mpaka Mtaalamu aupige picha kwa ajili ya faili. Vitu vya kapu la pinki havina utaratibu. Vinazolewa tu vinatiwa beseni. Nilimwona ameinama, beseni mkononi, kisha akabaki vilevile, ameinama. Nilidhani mgongo umemshika. Alipotoka uso ulikuwa wa majivu.

"Njoo uone," akaniambia.

Nikaenda. Karibu na mdoli wa Nukta kulikuwa na vitu vya msichana aliyepimwa kabla yake, ambaye naye nilishambandikia; asubuhi ile Mama Beseni alikuwa hajapata wasaa wa kuvizoa kwa kungoja zamu ya mjukuu. Vitana vimepangwa kuanzia kikubwa hadi kidogo. Vikombe vyote mikono yake imeelekea dirishani. Nguo za midoli zimevuliwa zikakunjwa, vifungo juu, sawasawa, hata fundi asingekunja vile.

"Nimekuwa nikizoa," alisema Mama Beseni. "Mara vitana, mara vikombe. Naona vimekaa vizuri, nasema moyoni, ah, watoto wa kike wasafi hawa. Nazoa, natia beseni. Miaka kumi na moja natia beseni." Akatazama glavu zake kana kwamba ameshika nazo kitu kilichooza.

Alimwendea Mkuu akaomba mjukuu apimwe tena. Mkuu alikubali, kwa kuwa ni mfanyakazi, na kwa sharti kwamba itakuwa mara ya mwisho. Wiki nne mbele.

Mimi nilijiona mjanja. Nikamshauri achanganye vigari kwenye kapu la pinki, ili swali la nne na la tano nayo yapate pa kukaa.

"Hatavigusa," alisema. "Gari hazimhusu. Huyu si mvulana, Karani. Shida yake ni wakubwa wenu kutotazama, basi." Akazivuta glavu mpaka viwikoni. "Najua la kufanya. Nalijua tangu siku ile. Ila linanitia kinyaa."

Kupanga makapu ilikuwa kazi yake. Asubuhi ya siku yenyewe alipanga la pinki mbele yangu, kimoja kimoja: midoli, vikombe, vitana, kijiko chekundu, kijiko cha buluu. Kijiko cha njano alikitumbukiza mfukoni mwa aproni, akaupiga mfuko mara mbili kwa kiganja, kama alivyozoea kufanya akiweka funguo. Nukta alikuwa amesimama mlangoni na mama yake, akitazama. Tulidhani anatazama ukuta.

Zamu yake ilipofika, Nukta alimwaga kapu. Alimchukua mdoli, akapapasa. Kijiko chekundu akakisukuma. Cha buluu akakisukuma. Akaligeuza kapu juu chini, akaingiza kichwa ndani. Akainua mkono mtupu mpaka kwenye mdomo wa mdoli, ukaishia hewani. Ndipo ikaanza ile sauti, nyembamba, isiyopanda wala kushuka. Akapiga kichwa sakafuni. Tena. Tena. Akajikojolea, mkojo ukatambaa kwenye zulia. Akauuma mkono wake wa kushoto, ule wa kufutia pua, akaung'ang'ania.

Na Mtaalamu alikuwa akiandika! Alikuwa amekaa wima, kalamu inakimbia, macho yanang'aa. "Sasa naona," alisema. "Sasa hapa naona kabisa." Akamwita Mkuu. Mkuu akaja na kikombe chake cha chai, wakasimama wawili juu ya mtoto, wanaelekezana kwa kidole. Mama mtu alikuwa analia akiomba amchukue mwanawe, wakamwambia avumilie, dakika ishirini hazijaisha. Damu ilikuwa inatoka mkononi. Mkuu alirudisha mguu nyuma ili mkojo usimguse kiatu, akanywa chai. Fundo lile la chai bado nalisikia likishuka kooni mwake, na mpaka leo mtu akinywa chai karibu yangu hivyo naondoka.

Mimi nilikaa kwenye kiti changu nikatazama. Na hilo nalo liandikwe.

Mama Beseni hakungoja dakika za mtu. Aliingia, akavua glavu akazitupa, akapiga magoti ndani ya mkojo ule ule. Alitoa kijiko cha njano mfukoni mwa aproni, akakiweka kiganjani mwa mtoto. Nukta alikaza vidole. Sauti ikakatika. Akamwinua mdoli, mkono unavuja damu, akaanza: kijiko cha kwanza, kijiko cha pili, kikohozi mara mbili. Bibi yake akamfuta kidevu kwa kiganja kitupu, udenda, damu na machozi pamoja, tena na tena, kiganja chake kikalowa mpaka kwenye kifundo. Miaka yote nilikuwa sijamwona akigusa mate ya mtu bila glavu.

"Ungetuambia mapema, mama," alisema Mtaalamu, kwa sauti yake ya upole. "Hili tungelishughulikia zamani."

Mama Beseni hakuinua kichwa. "Nilikwambia," alisema. "Ulikuwa unangoja atoke damu."

Barua ilitoka siku ile ile. Niliichapa mwenyewe tangu neno la kwanza, sikubandika kitu. Kisha nikalifungua kabati la mafaili ya wasichana. Nilisoma mpaka faili la arobaini, sentensi ile ile, mhuri ule ule, nikalifunga. Nimeshawaandikia baadhi ya wazazi warudi. Wengine wamehama, wengine watoto wao wamekua, na mmoja amenijibu kwamba binti yake aliacha shule kwa sababu ya kiburi.

Jumatatu yake Mama Beseni aliyamimina makapu yote mawili kwenye beseni moja, akaosha pamoja, akarudisha vyote katika kapu la buluu. La pinki alilifanya la matambara machafu. Mkuu alipouliza, alimjibu kwamba plastiki yake imeoza. Na akaacha kuzoa. Mtoto akitoka, wa kike au wa kiume, anasimama mlangoni na beseni lake tupu, anamwita Mtaalamu, na haoshi hata kijiko mpaka Mtaalamu aje atazame kilichoachwa sakafuni. Mtaalamu anakuja. Siku hizi anakuja mbio.

Ningependa kuishia hapo.

Wiki ya tatu ya Nukta katika darasa dogo, Mama Beseni aliniomba nimsindikize tukamwone. Tulisimama dirishani. Chumba kilikuwa kimya, pazia zito, watoto wanane kila mmoja na meza yake. Mwalimu alikuwa msichana mwenye kandambili laini ili asifanye kelele. Nukta alikuwa sakafuni na mdoli wake, na kijiko cha njano, ambacho tulikitoa kituoni tukasema kimepotea. Bibi yake alikuwa anatabasamu.

Kijiko cha kwanza. Kijiko cha pili. Kikohozi mara mbili, mgongo wa mkono puani. "Kula mama, kula ukue." Cha tatu hakikuja. Nukta alikishusha kijiko, akakitumbukiza ndani ya mfuko wa gauni lake, akaupiga mfuko mara mbili kwa kiganja. Kisha akamshika mdoli miguu, akampiga kichwa sakafuni. Mara moja, mara mbili, mara tatu. Akauingiza mkono wa mdoli mdomoni mwake, akauuma. Akamfuta kidevu kwa kiganja. Akatoa kijiko mfukoni, akaanza tena kijiko cha kwanza.

Mwalimu alituona akaja dirishani, anatembea kwa ncha za vidole, uso umejaa furaha. "Bibi, umeona?" alinong'ona. "Ameongeza kitu kipya! Walisema haongezi kamwe. Sijui amejifunzia wapi."

Mama Beseni alishukuru kwa adabu. Tulitoka, tukapita uwanja, tukafika kwenye mtaro wa nje ya geti. Alishika ukuta, akainama, na mwanamke yule ambaye hakuwahi kutema mate mbele ya mtu maisha yake yote akatema. Nilimshika bega. Akautoa mkono wangu, akatema tena.